Faili ya Mzani

Nilikuwa mtu mbaya kazini, tena mbaya kwa raha zangu. Niliseme hilo kwanza, nisije nikajipamba.

Ofisi yetu ndogo pale Amalemba ilitengeneza programu ya Linux ya kupimia miwa. Kompyuta za vituo vya Navakholo zilikuwa kuukuu, diski zimejaa pomoni, kwa hiyo mkubwa wetu akaniagiza niigawe programu katika vifurushi vitatu: kimoja cha programu yenyewe, kimoja cha maelezo ya matumizi, na kimoja cha faili wanazohitaji waundaji programu tu. Vituoni kingewekwa kile cha kwanza, basi.

Kazi ya kupanga faili nilimpa mama mmoja aliyekuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kujisomea kompyuta, na alinizidi umri kwa mbali. Akimaliza majaribio vizuri, angeandikwa kazi. Ndilo alilokuwa akiliombea, na ofisi nzima ilijua. Mimi ndiye niliyemsimamia, na kule kuniita kwake "mwalimu" kulinipanda kichwani.

Kanuni yangu ilikuwa moja: maktaba, yaani faili ya msimbo ambayo programu huiazima, ikiwa jina lake halina namba ya toleo mwishoni ni ya waundaji, iende kifurushi cha tatu. Kanuni hiyo huwa sahihi karibu kila mara.

"Lakini mwalimu," akaniuliza, "hii ya kusoma mzani, si programu inaitafutanga kwa hilo jina lisilo na namba ikishaanza? Tukiitoa, mzani utasomwa na nini?"

Alikuwa amepata. Nililiona papo hapo, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikapaza sauti kila mtu asikie: "Mama, hapa si darasa la nne. Hamisha!" Watu wakacheka. Akahamisha.

Jumatatu asubuhi kifurushi kikatumwa vituoni. Kufikia saa nne karani wa Navakholo alikuwa kwenye simu: trekta zimepanga foleni hadi barabarani, mzani hausomi, wakulima wanataka kumpiga. Mama yule akaichukua simu, akamtuliza kwa Kiluhya, akamwelekeza aongeze kifurushi cha tatu. Mzani ukasoma.

Mkubwa hakujali kwamba umesoma. Alifungua rekodi ya mabadiliko, akakuta jina la mama.

"Nani alikuambia uihamishe?"

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri, vile mwalimu humsubiri mtoto anayejua jibu. Nikakoroga chai yangu.

"Nilihamisha mimi," akasema mwishowe.

Mkubwa akamwambia majaribio yake yameishia hapo.

Alikusanya daftari zake mbili na sweta. Alipofika kwenye meza yangu akasimama.

"Nilidhani utasema," akaniambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. Hata wakati ule alikuwa ananisitiri. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na haya yale nikayageuza ukali, maana ukali ndio niliokuwa nimeuzoea.

"Funga mlango ukitoka, mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Akaufunga polepole, usigonge.