Nilikwenda Kuonja Donati, Nikageuzwa Shangazi

Jamani, mpaka leo nikipita Mbinga mjini karibu na lile duka la donati najifunika kanga mpaka puani kama mtu anayekwepa vumbi, na vumbi lenyewe halipo, na wenzangu wa kwaya wanaoijua habari hii huanza kukohoa kwa makusudi, basi bora niisimulie kwa mdomo wangu mwenyewe, maana ilivyozungushwa kule kwetu Mapera imeshafika mahali pa kusema eti nilikwenda kuvunja uchumba wa watu kwa ajili ya donati, jambo ambalo si kweli (au tuseme si kweli yote).

Siku hiyo nilikuwa natoka Mbamba Bay kumsalimia dada yangu, ambaye huwa haniachi nirudi mikono mitupu, kwa hiyo nilikuwa na kikapu cha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwa letu, kimejaa mpaka nimekifunga na kitambaa juu. Nilipofika Mbinga nikakuta gari la Mapera bado linangoja abiria na dereva mwenyewe kaenda kula. Nikakumbuka maneno ya binti yangu Dafrosa, kwamba mjini kumefunguliwa duka la donati za kisasa, za kila rangi, na ukiingia wanakuonjesha kwanza. Hilo neno "wanakuonjesha" ndilo lililoniponza. Mimi maandazi nimekaanga tangu usichana na sijawahi kumwonjesha mtu andazi, anayetaka anakula, asiyetaka anapita, nikasema ngoja nikaone hayo mambo, nionje moja, nimnunulie Dafrosa moja, nirudi kwenye gari langu.

Mlango ulikuwa wa kioo. Nikausukuma, kumbe unavutwa. Nilipofanikiwa kuingia nikakuta meza zimeunganishwa na kutandikwa vitambaa vyeupe, akina mama wamekaa wamevaa vitenge vya sare, na baba mmoja wa koti yuko mwisho wa meza, na wote, nawaambieni wote, wakasimama. Nikageuka nyuma kutazama ni nani mkubwa aliyeingia. Hakuna mtu. Ni mimi na kikapu changu.

Mama mmoja wa rika langu akanijia na mikono yote miwili.

"Karibu sana, karibu! Umetoka ziwani?"

"Ndiyo, nimetoka Mbamba Bay asubuhi hii."

"Shangazi kafika!" akawatangazia wenzake, na vigelegele vikapigwa.

Hapo ndipo ningesema, samahani, mimi si shangazi wa mtu humu. Lakini vijana siku hizi mama yeyote mtu mzima wanaweza kumwita shangazi, ni heshima tu, ingawa kuitwa shangazi na mwanamke mwenye mvi kama zangu kulinishangaza kidogo, nikafikiri labda safari imenichakaza uso. Nikatabasamu tu. (Kumbe duka lile ni la binti yao, na siku hiyo wamelifunga wanamngoja shangazi wa mchumba wake, mama anayetoka huko huko ziwani, ambaye hawajawahi kumwona kwa macho, na mimi ndiyo nimejileta. Hilo nililijua baadaye, maji yakiwa yameshamwagika.)

"Na hakuja mikono mitupu!" akasema mwingine, akanipokea kikapu, akakifungua, akanusa, akapotea nacho nyuma ya pazia. Nikajiambia tulia, mbona kule Songea kuna maduka makubwa ambayo mzigo unauacha mlangoni, na hapa ni hivyo hivyo.

Nikakalishwa kwenye kiti chenye mto. Baba wa koti akasema, "Tusali." Nikafanya ishara ya msalaba, nikifikiri, loo, hawa wafanyabiashara wana imani, lakini katikati ya sala nikasikia anaziombea "familia hizi mbili", nikafumbua jicho moja kutafuta hiyo familia ya pili, sikuiona, nikalifumba tena.

Baada ya amina akaja msichana mzuri, mwembamba, anaitwa Oliva. Akapiga magoti, akaninawisha mikono, akaniwekea donati moja kwenye sahani, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akairudisha pale pale. Nikamwonea huruma, nikasema moyoni huyu ndiyo kwanza kaajiriwa.

"Hii nimeipaka kahawa ya huku kwetu, shangazi," akasema kwa sauti ya chini.

Mimi nalima kahawa mwaka wa ngapi sijui, nauza yote, nyumbani tunakunywa chai, sasa leo kahawa inanijia juu ya andazi! Nikauma. Ilikuwa laini, inayeyuka, sikudanganyi. Lakini nikauma tena nikakutana na tundu, na mtu mwenye njaa ya safari akikutana na tundu anajisikia kama kaibiwa. Nikainua macho kutazama wengine wanaonaje, nikakuta hakuna mwingine anayekula. Wote wanatazama mdomo wangu.

"Shangazi, umeonaje?" akauliza yule mama aliyenipokea.

Mimi niliulizwa kuhusu donati, nikajibu kuhusu donati.

"Kwa nje panapendeza, siwezi kusema uongo," nikasema. "Lakini ndani hamna kitu."

Wakanikodolea macho kama watu wa kanisani mtoto anapopiga chafya wakati wa mageuzo.

"Hamna kitu kivipi?" akauliza baba wa koti.

"Si mnajua wenyewe? Unaanza kufurahi, ukifika katikati patupu."

Yule mama akashika kifua. "Kwa hiyo, shangazi, unakataa?"

"Nani kakataa?" nikasema, nikicheka ili nipoze mambo, maana niliona kama nimewaudhi kwa kutonunua. "Ila sina haraka, ngoja nikaangalie na kwingine kwanza." (Hivi ndivyo tunavyosema sote sokoni, na hakuna muuza nyanya aliyewahi kushika kifua.)

"Kwingine!" wakasema akina mama wote kwa pamoja.

Nikaona nimezidi kuharibu. Nikafikiri nitengeneze, nikasema kwa upole kabisa, "Au hamna kadogo zaidi? Kadogo naondoka nako leo leo."

"Mdogo wake bado anasoma!" akapiga kelele yule mama.

Nikaitazama ile donati. Kichwa changu kilizunguka pale kama pia. Donati ina mdogo wake, na mdogo wake anasoma, anasoma wapi? Nikiwa bado natafuta jibu, Oliva akaweka sahani chini, akafunika uso, akakimbilia nyuma ya pazia analia kwa sauti, na baba wa koti akasimama.

"Shangazi," akasema, na alijizuia kweli kweli, "mimi ni baba mdogo wa Oliva. Heshima yako tunaijua, umemlea Fidelis tangu wazazi wake walipofariki, na neno lako kwake ndilo la mwisho. Lakini mtoto wetu si ndizi za kuchaguliwa sokoni. Fidelis mwenyewe anajua unayoyasema hapa?"

"Fidelis ni nani?" nikauliza.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mrefu aliyelowa jasho, na nyuma yake mama mfupi wa miwani, kavaa gauni la kijani.

"Shikamooni! Tusameheni jamani, gari limetupasukia tairi kule kwenye kona za mlimani," akasema yule kijana. "Wazazi wangu, huyu ndiye shangazi."

Watu wakamtazama shangazi, wakanitazama mimi, wakamtazama tena shangazi.

"Na wewe ni nani?" akaniuliza yule mama aliyenipokea, kumbe ndiye mama Oliva.

"Mimi," nikasema, na sauti ilitoka kama ya panya, "nimekuja kuonja donati."

Mwanzoni hawakuamini. Baba mdogo alitaka nimtaje aliyenituma kuja kuwavurugia, na mimi naapa, nataja jina langu, la mume wangu, la kijiji, la padre, mpaka nikaanza kulengwalengwa na machozi. Fidelis naye anauliza Oliva yuko wapi, wote wananinyooshea kidole mimi. Nikaona hapa maneno hayatoshi, nikanyanyuka mwenyewe nikapita pazia.

Nikamkuta Oliva kaegemea ukuta, na mbele yake usipa wangu uko kikaangoni, na vitunguu, na nyanya. Nikajifanya sijauona.

"Mwanangu, mimi si shangazi wa Fidelis," nikamwambia. "Mimi ni mama wa Mapera tu, nimeingia kuonja. Shangazi mwenyewe yuko pale nje."

Akanitazama haelewi. "Sasa kwa nini umesema ndani sina kitu? Shangazi amemwambia Fidelis atakuja kuuonja mkono wangu ndipo aamue. Usiku kucha nimekesha… halafu unasema…"

"Tundu, mwanangu! Nilikuwa nasema tundu la donati!"

Akavuta kamasi, halafu kicheko kikamtoka cha ghafla mpaka akashika meza.

"Na utamu wake?" akauliza, akifuta macho.

"Utamu, ningekula na sahani. Nawa uso, twende."

Tukatoka. Akapiga magoti mara ya pili mbele ya shangazi wa kweli. Yule mama akala polepole, kafumba macho, na safari hii hakuna aliyethubutu kumuuliza ameonaje. Fidelis alikuwa anavunja vidole vyake kimoja kimoja. Mama wa watu akamaliza, akafuta mdomo, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, akachukua donati ya pili.

"Huyu kijana atanenepa," akasema.

Vigelegele vile vilisikika mpaka stendi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko ndugu wote. Kisha ukaletwa ugali na usipa. Shangazi akaonja, akasema usipa huu ni wa kwetu kabisa, nani kauleta? Meza nzima ikanigeukia, na mama Oliva akawa anatafuta pa kuweka macho.

"Umetoka upande wa bwana harusi," nikasema, nikamega tonge.

Gari la Mapera lilikuwa limeshaondoka zamani. Nikarudi kwa bodaboda, nimepakata boksi la donati nililofungiwa na Oliva, na mume wangu aliyekuwa kanoa meno kwa usipa alizitazama zile donati kama mtu aliyeletewa vitabu vya hesabu. Nilimweleza mara tatu. Mpaka leo anauliza, "Lakini bibi harusi alikuwa nani wako?"

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri: mtu akinikaribisha kwa shangwe nisiyoielewa, sikai, sinawi, sili, mpaka tumejuana. Juzi nimefika benki, mlinzi akanifungulia mlango akatabasamu, "Karibu sana, mama yetu." Nikasimama pale pale kizingitini, nikamwambia mimi ni Mama Dafrosa wa Mapera, simjui mtu yeyote humu ndani, sikuja kwa niaba ya ukoo wowote, na sina maoni juu ya binti wa mtu.

Akaufungua mlango zaidi.

"Mama," akasema, "pita tu."