Ngoma ya Kichina Uani Kwetu Matrah

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka Maskati ni ya sinia la shaba lililofunikwa taulo. Shangazi Zuwena aliligonga kwa vidole viwili, polepole, kwa kuwa miaka ile kupiga ngoma mjini kulikatazwa na nyumba yetu ya Matrah ilipakana na njia ya askari. Uani kulinuka ndimu kavu zilizoanikwa na jirani. Sisi watoto, karibu wote tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi, tulijipanga kwa vimo, kila mmoja na ukanda wa kanga kuukuu uliofungwa kwenye kijiti. Shangazi alitufundisha kuuzungusha ukanda ukachora duara hewani bila kugusa chini, na kwenda kwa hatua fupi za haraka, mpaka mtu aonekane anateleza. Wimbo aliuimba kwa Kichina, kwa sauti ya chini. Unguja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ngoma hiyo alifunzwa na mwalimu wa kike aliyeletwa kutoka China, ili naye awafunze wanafunzi wake kwa ajili ya sherehe za serikali mpya. Maskati hapakuwa na shule ya wasichana. Ua ule ndio uliokuwa shule yangu, na furaha niliyoipata pale naionea haya mpaka leo.

Kwani Ami Salim, kaka yake shangazi, alikuwa bado gerezani Unguja. Siku moja baada ya alasiri Bibi, mama yao, alikuja na tasbihi yake akakaa kizingitini. Alitutazama mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo ndiyo ngoma waliyocheza watoto uwanjani hali mwanawe kishakamatwa. Shangazi akajibu ndiyo. Angekataa angefukuzwa kazi, na mshahara ule ndio uliokuwa ukitulisha. Bibi hakugomba. "Wafundishe, mwanangu. Lakini Salim akitoka, utamweleza wewe, kwa kinywa chako." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulirudi mstarini tukicheka.

Ami alifika mwaka wa sabini, amekonda, kanzu inamwelea. Shangazi hakungoja hata apumzike; alimweleza yote mbele yetu, amesimama. Ami alisikiliza, akapokea kikombe cha kahawa.

"N'najua, Zuwena. Ngoma tulikuwa tukizisikia mle ndani, tukiulizana, leo nani mwenye furaha kiasi hichi?"

Hakusema kwa hasira, wala hakumkataza kitu. Lakini shangazi hakutufundisha tena, ngoma wala jingine. Mengi ninayoyajua nimejifunza mwenyewe, kitabu baada ya kitabu.

Leo wajukuu zangu wanasoma Ghubra, kwenye shule yenye chumba cha muziki, na wasichana hupiga ala mchana kweupe. Juzi mmoja wao alimwuliza shangazi, ambaye sasa ni kikongwe anayeishi Sib, zamani alikuwa akifundisha nini.

"Hesabu, mjukuu wangu," alijibu, akageukia dirishani.

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Miguu yangu ingali inazijua hatua zote. Nilimwongezea chai.