Mshale Uliokwama

Kila ninapojaza petroli, harufu yake hunirudisha uani kwetu Shella, baba ameng'oa kiti cha nyuma cha gari, mikono imelowa mafuta hadi viwikoni. Mshale wa mafuta ulikuwa umekwama kwenye nusu. Mimi nilikaa mbele niutazame, naye huko nyuma akilichezesha boya la tangi linalousogeza mshale.

"Umesogea, mwanangu?"

Nje wenzangu walikuwa wakiruka kamba na kuniita. Sikuutazama. "Umesogea, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudisha kiti.

Asubuhi yake tukapigiwa simu kwamba bibi, mamake baba, amezidiwa hospitalini Kilifi na anamtaka mwanawe. Tulitoka mbio. Katikati ya msitu gari likakohoa, likazima, na mshale ungali kwenye nusu. Baba akasimama kando ya barabara na kidumu mkononi, akipungia kila gari lililopita.

Tulipofika, kitanda cha bibi kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

"Mbona mmechelewa hivi?" shangazi akauliza huku akilia.

"Kosa ni langu," baba akamjibu. "Sikulitengeneza vizuri gari."

Nilikuwa nimemshika baba mkono. Sikusema kitu, siku ile wala miaka yote aliyoishi baadaye.