Supu ya Dada na Pumzi ya Shemeji

Dada yangu ana mkono wa supu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nina ugomvi na supu. Miaka ile ya elfu mbili alikuwa akikaa Erdington, mjini Birmingham, Uingereza, nyuma kidogo ya barabara ya maduka, na kila Jumapili asubuhi nyumba yake ilinukia mbuzi, tangawizi na ndimu mpaka kwa jirani Mwingereza. Jirani mwanzoni alikuwa akichungulia dirishani kwa wasiwasi. Baadaye akawa anakuja na bakuli lake.

Wateja wenyewe walikuwa wanaume wa kwetu waliotoka kwenye sherehe ya Jumamosi. Sherehe hazikosekani: kipaimara, send-off, arusi, au mtu tu kapata karatasi zake za ukaazi na hawezi kufurahi peke yake. Waliingia nyuso zimewavimba, wakakaa kwenye ngazi viti vilipokwisha, wakanywa supu ya pilipili mpaka jasho likawatiririka puani. Dada alisimama na upawa wake, akawatazama vipaji vya nyuso kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Akiona jasho limetoka sawasawa alisema, "Haya, wewe unaweza kwenda." Na yule mtu aliinuka, akachukua funguo za gari lake, akaenda.

Ndiyo ilikuwa elimu yetu. Pombe hutoka na jasho, jasho hutolewa na supu, basi ukishakunywa supu huna pombe. Hakuna aliyeuliza swali, na baadhi yao walikuwa na shahada za vyuo vikuu.

Muumini mkubwa wa dini hiyo alikuwa mume wa dada, shemeji yangu. Mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata siku ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusambaza vifaa vya mabomba kutoka ghala moja kule Nechells, na alijivunia udereva kuliko alivyojivunia ndoa. Hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, na kama umesahau atakukumbusha. Mimi nilimtania tangu siku alipokuja kuposa. Nyumbani kwetu shemeji hasalimiwi kwa shikamoo, anachokozwa. Nilimwambia anaendesha kama amebeba mayai ya mkwewe. Nilimwambia taa yake ya breki ya kushoto imekufa wiki ya pili sasa, dereva bingwa anangoja tuifanyie matanga? Naye alinijibu kwamba mimi naishi Lozells napanda basi, sina sauti katika mambo ya magari. Ndivyo tulivyopendana.

Jumapili nilikuwa nafanya zamu ya alfajiri kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo binti yangu alilala kwa dada Jumamosi, na asubuhi shemeji alimpeleka shule ya Jumapili kanisani. Sikuwa na mtoto mwingine, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

Sasa Jumamosi moja kulikuwa na kipaimara. Na nimtendee haki shemeji: usiku ule alikuwa mfano wa kuigwa. Alikunywa, tena alikunywa vizuri, lakini gari aliliacha nyumbani. Alikwenda kwa teksi akarudi kwa teksi, na huko ukumbini alimnyang'anya mtu funguo akamhubiria juu ya thamani ya uhai wa binadamu. Akalala. Akaamka. Akaoga. Akanywa supu mabakuli mawili, dada akamkagua kipaji, jasho safi kabisa. Akampakia mwanangu kiti cha nyuma na gauni lake la njano, wakaondoka.

Polisi walimsimamisha kwa ajili ya ile taa ya breki.

Askari alipoinama dirishani akasikia harufu, na si ya tangawizi. Akamwomba apulize kwenye kifaa. Shemeji baadaye alikiri kwamba alipuliza kwa moyo mkunjufu, kifua mbele, kama mtu anayepuliza tarumbeta ya ushindi. Kifaa hakikuheshimu supu. Alikuwa amezidi kiwango, tena si kwa kidogo, na kituoni alipopulizishwa tena akawa bado amezidi.

Mimi nilikuwa namlisha bibi mmoja uji nilipoitwa kwenye simu. Dada alikuwa analia. Mtoto alikuwa ameshafikishwa mikononi mwake na polisi, mzima, hana hata mkwaruzo. Nilipomfuata jioni akanisimulia kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba baba mkubwa aliambiwa apulize, akapuliza sana, lakini hapakuwa na puto. Nikacheka. Kisha nikaingia chooni kwa dada, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Ukumbuke kwamba njia ile ya kanisani ina kivuko cha watembea kwa miguu, na asubuhi ya Jumapili wanavuka hapo vikongwe wenye kofia na watoto walioshikana mikono.

Dada alichukua muda kuelewa ni nani aliyekosewa. Kwa siku kadhaa alidhani ni supu. "Labda wamezoea pombe za watu wasiokula," alisema. Alimshauri mumewe amweleze wakili habari ya supu, jinsi inavyochemshwa na muda inaokaa motoni. Wakili alisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akasema kwamba pombe ikishaingia damuni haitolewi na supu, wala kahawa, wala maji ya kuoga, wala jasho. Ini huitoa kwa mwendo wake, na halikimbizwi. Mtu anaweza kulala usiku mzima, akaamka anajiona mzima, na mguu wake bado unachelewa kuifikia breki. Akamwomba, kwa heshima zote, asiitaje supu mahakamani.

Mahakimu walikuwa watatu, katikati mwanamke mwenye miwani ya kamba. Shemeji alikubali kosa. Yule mama akasoma kwamba ndani ya gari mlikuwa na mtoto, akarudia maneno hayo kabla ya kugeuza ukurasa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilikuwa nimejiandalia utani wa kumpa tukitoka, mwingine ulihusu tai aliyovaa. Aliporudia maneno yale utani wote ukaniishia mdomoni.

Alipigwa faini akafungiwa leseni, mwaka na miezi. Hilo la leseni hakimu hana hiari nalo, sheria yenyewe inadai angalau mwaka. Na wakili alimwambia ashukuru, kwani kosa hilo linaweza kumfikisha mtu gerezani. Kule ghalani wakamtoa kwenye usukani wakamweka ndani kufunga maboksi, kwa mshahara mdogo zaidi. Kwa watu alisema gari lina tatizo la gia boksi. Watu waliuliza habari za gia boksi kwa huruma nyingi, na wote walijua.

Mimi sikumgombeza. Nilimheshimu.

"Shikamoo, shemeji," nilimwambia Jumapili iliyofuata. Akashtuka kama nimemmwagia maji. "Habari za nyumbani? Mmeamkaje?" Nikampa mkono kwa kuinama kidogo. Niliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Binti nilibadilisha zamu ili nimpeleke kanisani mwenyewe kwa basi. Shemeji akitupa neno la uchokozi, nilijibu, "Ndiyo, shemeji," au, "Asante, shemeji." Niliona anavyokonda, na sikujali. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, maana mtu mwenyewe nilikuwa nampenda.

"Mtukane basi," dada aliniambia jikoni. "Faini ameizoea, kupanda basi amekuzoea. Hiyo shikamoo yako itamuua."

Mahakama ilikuwa imempa nafasi ya kwenda kozi ya waliokamatwa kwa ulevi barabarani; ukiimaliza, wanakupunguzia muda wa kufungiwa. Alikwenda akinung'unika kwamba atakaa na walevi. Alirudi hanung'uniki. Jumapili moja baada ya hapo, ngazi zimejaa watu na mabakuli, akasimama katikati ya sebule, shati limechomekwa.

"Gari langu halina tatizo la gia boksi," alisema. "Nimefungiwa. Nilikamatwa asubuhi, nimetoka hapa, nimekunywa hii hii mnayokunywa."

Hakuna aliyemeza. Akawaambia kwamba kwenye kozi alikaa na baba mmoja, mtu mtaratibu, aliyemgonga msichana wa shule akamvunja mguu. Ilikuwa asubuhi, alikuwa ameoga, amekunywa kahawa, anakwenda kazini. "Alikuwa anajiona mzima," shemeji alisema. "Kama mimi. Supu ya mke wangu ni tamu, lakini haina kazi nyingine zaidi ya utamu. Na mimi nilikuwa na mtoto nyuma." Akanitazama. "Mtoto wa watu."

Tulimtazama dada. Alikuwa ameshika upawa hewani, mchuzi unadondoka kwenye zulia. Hatimaye akauweka chini, akasema kuanzia wiki ijayo supu ni saa kumi jioni, na anayekuja na gari alale njaa. Wenye shahada wakaangalia viatu vyao.

Mimi nikamwuliza, "Shemeji, kwa hiyo zile pole zote tulizoipa gia boksi, tunarudishiwa lini?"

Nyumba ilicheka mpaka jirani akachungulia tena. Shemeji alicheka, akaendelea kucheka, kisha akafunika uso kwa mikono na mabega yakawa yanatikisika peke yake.

Leseni ilirudi majira ya baridi. Jumapili ya kwanza alikuja mpaka Lozells asubuhi, gari limeoshwa, taa zote za breki zinawaka. Nadhani alizunguka kuzikagua mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Hakuomba chochote. Alisimama kando ya mlango wa dereva na funguo mkononi. Binti yangu alinishika kidole, na mimi nilikuwa nimerudishwa kwenye zamu ya Jumapili asubuhi.

"Puliza," nikamwambia.

Alidhani natania, na nilikuwa natania, ila sikuwa natabasamu. Akainama, akafumba macho, akanipulizia usoni kwa pumzi zake zote. Dawa ya meno na chai ya maziwa. Mtoto akacheka akauliza puto liko wapi.

"Harufu siyo kipimo, shemeji," akasema taratibu, bado ameinama. "Niulize jana nilikunywa nini."

"Jana ulikunywa nini?"

"Maji. Na juzi pia, kwa sababu nilijua leo nakuja."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwingiza mwanangu, nikamfunga mkanda mwenyewe.