Ndugu Aliyekwenda Pemba

Baba yangu hana dogo na watu wasio na karatasi. Akisikia redioni kwamba wamekamatwa wafanyakazi waliowakimbia makafili wao, yaani wadhamini waliowaleta nchini, hupandisha sauti ya redio, kisha hupandisha ya kwake. "Warudi makwao! Nchi ina mlango, mtu hubisha hodi." Huyasema hayo kwa Kiswahili cha Mjini Unguja, maana akishikwa na hasira Kiarabu humpotea. Yeye mwenyewe aliingia Omani miaka ya sabini kupitia Dubai, na jinsi alivyobisha hodi yake sikuwahi kuhadithiwa. Mimi binti yake nilikuwa nikimcheka tu.

Fundi wangu wa nguo alikuwa Mpemba. Alikuja hapa mjini kwetu Ibra kufanya kazi za ndani, akaondoka kwa kafili wake, kafili akamripoti, na tangu hapo akawa anashona kwa kujificha, chumbani nyuma ya duka la vyombo. Mumewe, Mpemba mwenziwe, alirudi kwao na hakuleta neno. Alimwachia binti ambaye sasa ana miaka mitano, aliyezaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Mtoto yule anasema Kiarabu cha Ibra kuwashinda wanangu. Lakini kuzaliwa hapa hakumpi mtu uraia. Uraia hutoka kwa baba, na wa baba hutoka kwa baba yake. Mimi ni mwalimu, jambo hilo nimeliandika ubaoni miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kuliona kuwa na tatizo lolote.

Ndipo serikali ikatoa muda: wasio na vibali waondoke bila faini. Muda ulipokaribia kwisha, fundi alikuja nyumbani kwetu mchana, kamshika mtoto mkono, na hakuleta nguo. Alitaka jambo moja. Babu yake mzaa baba alikuwa mtu wa kijiji chetu, upande wa Mudhaibi, aliyekwenda Pemba enzi za karafuu asirudi. Kama mzee anayejulikana angefuatana naye kwa sheikh wa kabila akasema "Watu wake nawajua," angeweza kuanza kuomba uraia, na yeye na mtoto wangebaki.

"Shikamoo, babu," alimwambia Baba.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Watu wako kina nani?"

Alikaa kwenye zulia, hakugusa tende wala kahawa, akaanza. Alimtaja baba yake, babu yake, baba wa babu yake, akaendelea mpaka jina la saba bila kumeza mate. Akautaja falaj, ule mfereji unaonywesha mitende ya kijiji, na msikiti ulio kando yake, na nyumba ya babu yake iliyokuwa na milango miwili kwa sababu ndugu wawili walinuniana. Hakuwahi kufika huko hata siku moja. Babu yake alikuwa akiwasomesha hayo baada ya Magharibi, kwa fimbo, kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

Majina yale yalikuwa yetu. Jina la babu yake ndilo jina la babu yangu, na yote yaliyofuata ni yale ninayoyajua tangu mdogo. Nikaruka pale nilipokaa. "Baba! Huyu si mgeni, huyu ni mtoto wa ndugu yako!" Haraka haraka nikajipatia maelezo: babu alikuwa na mke Unguja na mke Pemba, mambo ya wazee wetu hayo.

Baba hakunitazama. "Babu yako alikuwa na watoto wangapi wa kiume?" alimuuliza.

"Mmoja tu, babu. Ndiye baba yangu. Amefia Wete."

Baba akakiweka chini kikombe cha kahawa. "Siendi," akasema, akainuka, akaingia chumbani kwake.

Nilimnunia siku mbili nzima. Niliona haya mbele ya fundi, niliona haya mbele ya yule mtoto aliyekuwa akiniuliza kwa Kiarabu kama paka wetu anauma. Siku ya tatu nikampeleka Baba Nizwa kwa daktari wake wa macho, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumpasha. Tulipopita Mudhaibi nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi.

"Nilipokuja," akasema, "nilipelekwa kwa sheikh. Sheikh kaniuliza, mwana wa nani wewe? Nimesimama, yakhe, viatu vya kuazima, na ninachokijua ni kwamba marehemu mama akisema kwetu ni huku Sharqiya. Basi. Mwenyewe alikuwa hapendi kuulizwa zaidi. Palikuwa na mzee kakaa ukutani, simjui hanijui. Akasema, huyu mwana wa ndugu yangu aliyekwenda Pemba. Akaapa."

"Akaapa?"

"Wallahi. Tulipotoka nje nikamwambia, mzee, mimi si wa Pemba. Akanambia, ndugu yangu hakuleta barua miaka ishirini, na wewe umekuja. Kaa."

Nilimjua mzee huyo, nilimjua sana. Ndiye niliyemwita babu. Baba aliishi mlango wa pili wa nyumba ile, akamuuguza, akamwingiza kaburini, na kila Idi hulifagia kaburi lake kwa mkono wake.

"Nikisema watu wake nawajua," Baba akaendelea, "sheikh atatazama kwenye daftari, na mahali pa baba wa huyo fundi nimekaa mimi. Na wewe umekaa juu yangu, na mumeo kaandikwa kwa jina hilohilo, na wanao juu yenu."

"Basi sisi kina nani, Baba?"

"Sijui, mwanangu."

Niliwasha taa ya kukata kulia mahali pasipo na njia ya kulia, nikaiacha ikiwaka mpaka gari la nyuma likanipigia honi. Sikujua nimkasirikie nani. Baba hakuapa, aliapiwa. Yule mzee alifanya huruma, na huruma yake ndiyo iliyomfungia mlango mjukuu wa ndugu yake. Huenda sisi ni watu wa hapa kwelikweli, wa kijiji kingine, kabila jingine. Huenda si watu wa hapa kabisa. Nimeligeuza jambo hili kila upande na mpaka leo limenichanganya kichwa.

Zilibaki siku nane. Sheikh wa sasa ananijua, nimemsomeshea binti zake. Ningeweza kwenda mwenyewe. Kila asubuhi niliamka nimeazimia kwenda. Kisha nikamtazama binti yangu akitafuta funguo zake aende chuo kikuu, na mwanangu anayengoja kazi ya serikali, nikajiambia kesho. Nilisema kesho mara nane.

Niliwapeleka uwanja wa ndege Maskati mimi mwenyewe, kana kwamba petroli ingenifutia kosa. Fundi alikuwa amemshonea mtoto nguo ya Kiomani ya kijani, yenye nakshi kifuani na kwenye mikono.

"Dada," fundi aliniuliza ndani ya gari, "mzee alikataa kwa nini?"

"Amezeeka," nikasema. "Anasahau."

"Mwambie simlaumu. Ila ukiliona kaburi la ndugu yake babu, mwombee. Babu alikufa akimtaja, wallahi. Akitaka wapatane."

Nikamwambia nitalitafuta.

Kwenye mlango wa abiria, afisa kijana alizitazama karatasi zao za safari, akamtazama mtoto na ile nguo yake, akanigeukia kwa adabu. Mtoto alikuwa amenishika buibui, hataki kuniachia.

"Mama," aliniuliza kwa Kiarabu, "hawa jamaa zako?"

Fundi alikuwa ananitazama.

"La," nikasema. "Ni fundi wangu wa nguo."