Kioo Kitupu Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, lakini Mungu kwa rehema zake hajaniruhusu. Ilikuwa Juba, miaka ile baada ya mapatano ya amani, sisi tuliokulia ukimbizini Uganda tulipoanza kurudi nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na cheti cha maabara cha Kampala nilichokitembeza kama mtu atembezavyo saa mpya.

Nilipata kazi katika zahanati ndogo ya kanisa, kule Gurei. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Lado, ambaye vita vilimkuta Juba na kumwacha Juba. Kazi yetu ilikuwa kutafuta vijidudu vya kifua kikuu. Unapaka makohozi ya mgonjwa juu ya kioo chembamba, unakitia rangi, unakisuuza kwa maji, kisha unakitazama kwa hadubini. Kijidudu huonekana kama kijiti chekundu katika uwanja wa buluu. Mzee Lado alikuwa na desturi moja: kila asubuhi, kabla ya kioo cha mgonjwa yeyote, alitia rangi kioo kitupu na kukisoma kwa makini yale yale. Mimi nilicheka moyoni. Mtu mzima anatafuta kitu mahali anapojua hapana kitu!

Basi akasafiri kwenda kuzika Yei, akaniachia neno moja: "Kioo kitupu kwanza, ya Kampala." Ndivyo alivyoniita, kwa Kiarabu cha Juba: ewe Kampala.

Siku ya pili maji ya betri, yale yaliyo safi kabisa tuliyosuuzia vioo, yakaisha, na dumu jingine kutoka Entebbe halikuja. Nikachota maji ya tangi uani, yaletwayo na lori kutoka mto Nile. Kioo kitupu sikukigusa. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilipenda watu waone nilivyo mwepesi.

Vijiti vyekundu vikaonekana. Mwenye kioo hicho alikuwa nje: mama mmoja, Keji, muuza chai wa soko la Jebel, na mtoto mgongoni. Nikapaza sauti dirishani, mbele ya watu wote: "Keji! Kifua kikuu!"

"Daktari," alisema polepole, "mimi iko na mtoto ya kunyonya."

Nilikuwa nimekwisha kuita jina linalofuata.

Mzee Lado aliporudi baada ya wiki mbili alisoma vioo vyangu kimoja kimoja. Vijiti vingine vilikuwa pembeni kabisa, mahali pasipopakwa makohozi. Akachukua kioo kipya, akakitia rangi, akakisuuza kwa maji ya tangi, akanisogezea hadubini.

"Soma."

Vijiti vyekundu.

"Mgonjwa huyu anaitwa nani?"

"Hana jina, Mzee."

"Anaitwa Tangi. Mwandikie dawa, basi." Hakucheka. "Maji nayo yana vijidudu vyake, vinashika rangi ile ile. Umesoma mto, ukamwandikia Keji."

Tuliwapima upya wote wa siku zile. Keji hakuwa na kijidudu hata kimoja. Mzee akanituma nikamwambie mwenyewe, kule kule sokoni. "Na sauti iwe ile ya dirishani."

Nilikuta vikombe vyake vimefunikwa, vina vumbi, na benchi halina mtu. Nikapaza sauti hadi wauza mkaa wakageuka: "Keji hana kifua kikuu! Kosa ni langu!"

Akanitazama, akasuuza kikombe, akamimina chai. "Kunywa. Wakuone."

Nikanywa yote, nikiungua ulimi. Kisha, nikitafuta faraja, nikauliza habari za mtoto. Mama mkwe alikuwa amemchukua tangu siku ile, akimlisha maziwa ya kopo.

"Leo atamrudisha," alisema. "Lakini titi limekauka, daktari."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na maziwa vivyo hivyo. Nimeomba toba miaka mingi, naamini nimesamehewa, na bado nikisikia mtoto mchanga akilia nainamisha kichwa.

Nyani haoni kundule. Kabla hujatamka lililo ndani ya mwenzako, jipime wewe kwanza, na maji unayotumia, hata pale unapojua hakika huna kitu; hapo hasa. Na kosa ulilolitangaza dirishani usiende kulitubu chumbani tu.

Mungu akujalie jicho safi na mkono usio na haraka, na watakaosubiri nje ya dirisha lako, sasa unapoingia kazi hii, warudi kwao salama na watoto wao. Amina.