Mbao za Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu, kanisani Anderlecht, huku Ubelgiji, mtu alitoa kabatini mbao za kugonga badala ya kengele. Zilinuka nta. Nikakumbuka kanisa letu la matofali kule Kivu, lililojengwa na Wazungu.

Mwaka mmoja vijana wa huko walikuwa wamepanga mapinduzi. Walikubaliana na mji mzima: kengele ya kanisa ikilia, wote watoke barabarani. Mpaka leo linaniudhi jambo hili: mji mzima wa Wakatoliki, na hakuna aliyekumbuka kwamba tangu Alhamisi Kuu hadi mkesha wa Pasaka kengele hailii.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu kaka yangu aliingia kanisani mbio.

"Papa, piga kengele! Basoda beko ku daraja!"

Baba, aliyekuwa katekista, aliikumbatia kamba ya kengele. "Kengele imekufa na Yezu, mutoto yangu. Mpaka kesho mangaribi."

"Bon, Yezu atafufuka, sisi tutabakia mu kaburi!"

Baba akanipa mimi mbao. "Piga na nguvu."

Nilipiga mpaka viganja vikavimba. Mbuzi wa padri walikimbia, lakini hakutoka mtu. Kaka alitazama barabara tupu, akatema mate, akashuka peke yake kuelekea darajani kuwakabili askari.